Banang'oma na Baraza la Malya: Habari za Nyumba ya Juu katika Usukuma

Katika nchi nyingi zenye bunge la nyumba mbili, nyumba ya juu huwekwa ili nguvu ya watawala, na haraka ya nyumba ya chini, ipate kizuizi. Jina lake la Seneti latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee, na kwa sababu hiyo waandishi wa Kiswahili wamezoea kuieleza kuwa ni baraza la wazee. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na nyumba moja tu. Walakini katika nchi ya Mwanza na pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria palikuwapo mabaraza ya namna mbili ambayo yangeweza kuitwa nyumba ya juu: moja la asili, na moja lililotengenezwa wakati wa Waingereza. Mara nyingi yamechanganywa, na kosa hilo limeficha sababu iliyofanya la pili lianguke pasipo mtu wa kulililia.

Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na tawala karibu 50, kila moja na mtemi wake, ambaye kwa Kisukuma ni ntemi, na wengi wao ni batemi. Jina hilo latokana na kitenzi kutema, yaani kukata. Wako wanaolieleza kuwa ni mkata mwitu, aliyetangulia kufyeka nchi, na wako wanaosema ni mkata shauri. Makao yake yaliitwa ikulu, neno ambalo Kiswahili cha leo kimelitwaa kwa makao ya Rais.

Mtemi hakujiweka mwenyewe, wala hakuwekwa na baba yake. Katika tawala nyingi urithi ulipita upande wa wanawake wa ukoo wa kitemi, hata mrithi akawa mtoto wa dada wa mtemi. Wana wa mtemi mwenyewe hawakupewa kiti. Waligawiwa vijiji, na ndiyo asili ya jina la banangwa, ambalo baadaye lilikuwa cheo cha wakuu wa vijiji. Waliochagua mrithi ni banang'oma, watu wa ngoma ya utawala. Hao walishauriana kwa siri, wakamkamata mteule, wakamfundisha miiko na kumtawaza. Baadaye walikaa karibu naye katika mashauri ya nchi na katika matambiko ya mvua na mbegu. Tena waliweza kumtoa. Mvua ikikosekana miaka mfululizo, au mtemi akiwa mkatili, kiti chake kilikuwa hatarini, na waliompa ndio waliokuwa na haki ya kumnyang'anya.

Mbali na ikulu, vijijini, palikuwa na nguvu nyingine. Vijana walikuwa na chama cha kulima kwa zamu, kiitwacho elika, na wakuu wake, basumba batale, walipata cheo kwa kuchaguliwa na wenzao. Waliweza kumtoza faini mwenye kukwepa kazi za kijiji, na hata kumtenga na jirani zake asipate moto wala maji. Mkuu wa kijiji mwenyewe hakuwa salama na hukumu hiyo. Basi palikuwa na watu wa juu walioshika cheo kwa ukoo na siri, na watu wa chini walioshika cheo kwa kuchaguliwa na kwa jasho la shamba, na mtemi alikuwa katikati yao.

Haifai kuzidisha ulinganifu huu. Banang'oma na basumba batale hawakukaa chini ya paa moja, wala hawakupelekeana miswada. Lakini kila kundi lilikuwa na neno moja ambalo mtemi hakuweza kulipuuza: la kwanza lilitoa na kuondoa utawala, la pili lilitoa na kuzuia nguvu ya kazi. Maana ya nyumba ya juu imo katika haki ya namna hiyo, wala si katika umri wa wajumbe wake.

Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, sheria ya mamlaka za wenyeji ilimfanya mtemi kuwa chombo cha serikali. Alipata mshahara, hazina na mahakama, na kuthibitishwa au kuondolewa kwake kukawa mkononi mwa serikali. Urithi wa baba kwa mwana ukaenea. Banang'oma hawakufukuzwa; waliendelea kukaa barazani na kuitwa wazee wa baraza. Jina lilikuwa la heshima, lakini haki ya kumtoa mtemi ilikuwa imekwisha. Hans Cory, mtaalamu wa desturi katika utumishi wa serikali, aliandika mambo hayo kwa urefu katika miaka ya 1950, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1946 watemi wote wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho, na makao yake yakajengwa Malya. Kwanza baraza hilo lilikuwa la watemi. Baadaye wawakilishi wa watu wakaongezwa, na mabaraza yakapangwa ngazi kwa ngazi kutoka kijijini. Kwa maandishi, mpango ulikuwa mzuri. Lakini kazi kubwa iliyolifikia ilikuwa kuidhinisha sheria za mpango wa maendeleo ya Usukuma, za kilimo na za kupunguza ng'ombe, na watu waliona mtemi akiwatoza faini kwa amri asiyoitunga. Tangu 1954 hata 1958 matawi ya TANU yalikatazwa katika Usukuma, na kwa hiyo malalamiko hayakuwa na mlango wa halali. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya lililochanganya mataifa, wakavuka hata Mwanza kudai haki yao. Mtemi aliyewekwa na Boma hakuweza kuwa ngao ya watu mbele ya Boma.

Mwaka uliotangulia, 1957, Gavana Edward Twining alikuwa ameanzisha mkutano wa watemi na machifu wa Tanganyika yote, ambao ungaliweza kukua ukawa nyumba ya juu. Haukukua. Katika uchaguzi wa 1960 Baraza la Kutunga Sheria lilipata viti 71 vya kuchaguliwa, na halikuwekewa nyumba ya pili. Mwaka 1963 vyeo vya utemi vikafutwa kwa sheria. Hata hivyo Chifu Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962: chifu alipata kiti katika nyumba moja, lakini machifu hawakupata nyumba yao.

Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kenya ilianza mwaka 1963 ikiwa na Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Haikuwa nyumba ya machifu, bali ya sehemu za nchi. Mwishoni mwa 1966 iliamuliwa iunganishwe na nyumba ya chini. Katiba ya 2010 ikairudisha, na leo kila kaunti ya pwani ya ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, huchagua seneta wake.

Yafaa basi mfasiri ajihadhari na maneno. Akiandika baraza la wazee kwa banang'oma, amewapunguzia haki yao. Akiliita baraza la Malya kwa jina hilohilo, amelipa haki lisiyokuwa nayo. Banang'oma walikuwa na uwezo wa kumwambia mtemi kwamba utawala wake umekwisha. Wajumbe wa Malya walikuwa na viti, posho na kumbukumbu za mikutano, lakini hawakuweza kumwambia Gavana neno hilo.