Riale ya Sham: sarafu iliyohamia shingoni

Mezani kwangu ipo sarafu moja ya fedha aliyoniachia bibi mzaa mama. Upande mmoja una sura ya mwanamke wa makamo aliyejitanda ushungi. Upande wa pili yupo tai mwenye vichwa viwili. Pua ya mama huyo imelika, na bega lake limekuwa laini kama kokoto la mtoni kwa miaka ya kusuguana na kifua cha mvaaji. Juu kabisa sonara alilehemu kipete cha kupitishia uzi. Lehemu ilimwagika kidogo ikaziba herufi moja, karibu na mwaka 1780.

Wakusanyaji wa sarafu wakiona lehemu hukunja uso. Kwao sarafu ya namna hii imeharibika, na bei yake hushuka papo hapo. Mimi naona kipete hicho ndicho kinachoipa historia yake, maana bila hicho ingekuwa sawa na mamilioni ya wenzake.

Mwanamke mwenye ushungi ni Maria Theresa, aliyeanza kutawala Austria na Hungaria mwaka 1740. Ushungi ule ni wa ujane, kwani mumewe alifariki mwaka 1765. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1780, na kwa desturi sura yake ingeondolewa kwenye fedha mpya. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, waliouza kahawa ya Yemen, walikwisha kuizoea sura ile. Walihesabu lulu za kilemba chake, wakakagua kibanio cha begani, na wasiporidhika walikataa kupokea. Austria ikaendelea kuipiga sarafu ileile, na mwaka uleule wa 1780 juu yake. Mwaka 1935, Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, alijipatia haki ya kuipiga sarafu hiyo huko Roma. Haikupita muda London, Paris, Brussels na Bombay nazo zikawa zinaipiga. Ndiyo maana ukitazama tarehe tu huwezi kujua sarafu uliyoishika ilizaliwa lini.

Pwani yetu iliiita riale ya Sham. Ilinunua karafuu na pembe za ndovu, na ilinunua watu pia, hilo tusilifiche. Iliingia hata kwenye mizani: wakia moja ilikuwa uzito wa riale moja. Sayyid Barghash alipiga riale yake mwenyewe mwaka 1882, lakini ile ya malkia haikutoweka mikononi mwa watu.

Sonara aliipenda kwa sababu zake. Riale ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Kilichobaki karibu chote ni shaba, na shaba hiyo ndiyo inayoipa fedha ugumu, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno, bangili yake hupinda upesi. Mteja alipoleta riale zake, fundi alijua kabla ya kuwasha moto atapata fedha kiasi gani. Aliziyeyusha, akazimimina, akazifua kwa nyundo zikawa bamba, au akazivuta katika matundu ya chuma, kila tundu jembamba kuliko lililotangulia, mpaka zikawa uzi. Kwa njia hiyo fedha ya Austria iligeuka vikuku na mikufu huko Oman, hasa katika soko la Nizwa, na vilevile vile vijaluba vya kutilia maandiko ya kinga viitwavyo hirz, neno ambalo sisi tumelifanya hirizi.

Nyingine hazikuyeyushwa. Zilitiwa kipete tu, zikatungwa pamoja na shanga na marijani. Ethiopia kuna mafundi waliozikata zikawa misalaba ya shingoni, na katika baadhi ya misalaba hiyo bado unaona kipande cha uso wa malkia. Huko karibu na kwao, Bavaria na Austria, wanaume walishona sarafu kuukuu kwenye vizibao zikawa vifungo.

Tukirudi Uarabuni, bibi harusi alitengenezewa fedha mpya, na fedha hiyo ilikuwa mali yake, si ya mume. Akipata shida, aliuza kwa uzito. Akifa, mara nyingi vyake viliingia tena motoni vikawa vya binti mwingine. Hii ndiyo sababu vipambo vikongwe kweli ni adimu, na ndiyo sababu inaniuma kusikia vikiitwa urembo tu. Vilikuwa akiba. Mwanamke ambaye hakuwa na shamba wala hati alitembea na hazina yake mwilini, na kila mtu aliiona.

Oman iliendelea kuipokea riale ya malkia mpaka fedha mpya ya nchi ilipoanza kutumika mwaka 1970. Kufikia wakati huo bibi yangu alikuwa mtu mzima, na mkufu wake ulikuwa na riale saba. Aliziuza mojamoja, na kila aliyoiuza aliikumbuka kwa jina la shida iliyoiondoa: ya paa la nyumba, ya ugonjwa wa babu, ya msiba. Ya sita ilimnunulia mama yangu sare ya shule na nauli ya kwenda bwenini. Hii niliyo nayo ni ya saba.