Fedha Iliyokatwa kwa Patasi



Fedha tutakayoizungumza leo si ya noti wala ya kuhesabiwa. Ni ile madini nyeupe yenyewe, ambayo watu wa Ulaya ya Kaskazini zamani waliikatakata kama mtu akatavyo kuni.

Tarehe 15 Mei mwaka 1840 vibarua walikuwa wakitengeneza ukingo wa mto Ribble, mahali paitwapo Cuerdale, karibu na mji wa Preston katika Uingereza. Wakakuta mabaki ya sanduku la risasi, na ndani yake fedha tele, uzito wake kama kilo 40. Sarafu zilikuwa kama 7,000, nyingi zimepigwa na Wavikingi waliokaa Uingereza, na chache zimetoka nchi za Kiislamu. Pamoja nazo palikuwa na mikuo, bangili na vishikizo zaidi ya 1,000, na vingi vya hivyo vimekatwa vipande vipande. Kwa sarafu zile wataalamu wametambua kuwa mali hiyo ilizikwa kati ya mwaka 905 na 910, miaka michache tu baada ya Wavikingi kufukuzwa Dublin, mwaka 902.

Je, ni kwa sababu gani mtu avunje bangili nzuri? Sehemu kubwa ya nchi za watu hao haikuwa na sarafu ya mfalme ambayo kila mtu alilazimika kuipokea. Thamani ilikuwa katika uzito. Mfanyi biashara alichukua mizani ndogo ya kukunjwa na mawe ya mizani ya risasi. Kipimo chao kilichoitwa eyrir kilikuwa kama gramu 27, na eyrir nane zilifanya mark moja. Bei ikiwa ndogo kuliko bangili, bangili ilikatwa kwa patasi mpaka mizani ilingane. Tena, mwenye kupokea aliichoma fedha kwa ncha ya kisu au kuipinda, apate kujua kama ni safi. Sarafu nyingine zina alama nyingi za kisu, maana kila aliyezipokea hakumwamini aliyezipokea kabla yake.

Na fedha hiyo ilitoka wapi? Nyingi ilitoka mashariki ya mbali. Wafalme wa Kisamani walipiga dirhamu katika Samarkand na Shash, ambayo leo ni Tashkent, nazo zikapanda kaskazini kwa njia ya mto Volga. Mwaka 1999 katika kisiwa cha Gotland, mahali paitwapo Spillings, ilifukuliwa fedha ya kilo 67, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za Kiislamu.

Walakini dirhamu hazikutolewa bure. Watu wa Kaskazini walileta ngozi za wanyama, nta na asali. Wakaleta na watu. Ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa wa Baghdad mwaka 921, aliwaona wafanyi biashara walioitwa Rus kando ya Volga wakiuza wajakazi pamoja na ngozi, na kuiomba sanamu yao iwaletee mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi asiyebishana bei. Asema tena kuwa mume akipata dirhamu 10,000 humfanyia mkewe mkufu mmoja wa shingoni, na akipata 20,000, mikufu miwili. Basi mkufu ule ulikuwa hesabu ya mali, na ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na bei ya wanadamu. Ukikatwa na kuyeyushwa ikawa mkuo, hakuna awezaye kusoma tena jina la mfalme, wala mji, wala mwaka.

Kazi hii haikuanza na Wavikingi. Mwaka 1919 juu ya kilima cha Traprain Law, katika Scotland, vilionekana vyombo vya Kirumi, zaidi ya kilo 20, vimekatwa na kukunjwa tangu karne ya tano. Na pwani yetu masonara waliyeyusha riali za Maria Theresa wakafua bangili na vikuku. Wala hakuna aliyeona ajabu.

Mali ya Cuerdale ilihukumiwa kuwa ya Malkia Victoria, kwa haki ya milki ya Lancaster, na sehemu yake kubwa ikapelekwa British Museum, London. Wale vibarua waliruhusiwa kuchukua sarafu moja moja.