Kutoka % hadi PS1: kurudi nyuma na kidokezo cha sheli

Ukifungua terminali ya Linux leo, kabla hujaandika chochote utakuta mstari kama juma@ofisi:~/ripoti$. Hicho ndicho kidokezo: sheli inakuambia wewe ni nani, uko kwenye mashine ipi na folda ipi, na kwamba inasubiri amri. Nilitaka kujua kilikotoka, nikafuata nyayo zake kinyumenyume.

Kituo cha kwanza ni Bash, sheli aliyoiandika Brian Fox kwa mradi wa GNU, ikatoka mwaka 1989. Humo kidokezo hukaa katika kigezo kiitwacho PS1. Andika PS1='\u@\h:\w\$ ' kwenye faili la .bashrc: \u italeta jina lako, \h jina la mashine, \w folda uliyomo.

PS1 yenyewe Fox aliirithi. Ilikuwamo katika sheli ya Stephen Bourne wa Bell Labs, iliyotoka na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Alama ya kawaida ilikuwa $, na asiyeitaka aliipa PS1 maandishi mengine, basi.

Miaka minne kabla, katika Toleo la 6, hapakuwa na hiari hiyo. Msimbo wake unasomeka hadi leo: alama zimeandikwa ndani ya programu yenyewe, % kwa mtumiaji wa kawaida na # kwa msimamizi mwenye mamlaka yote. Zama hizo watu walitumia mashine kama Teletype 33, iliyochapa karatasini herufi 10 kwa sekunde. Kidokezo cha herufi 40 kingekula sekunde 4 kabla ya kila amri. Nani angekitaka?

Skrini ziliondoa kikwazo hicho, na rangi zikafuata. Kwenye Bash, \e[32m huleta kijani na \e[0m hurudisha hali ya kawaida. Lakini kila moja ifungie kati ya \[ na \]. Usipofanya hivyo, sheli huzihesabu kama herufi zinazoonekana, na amri ndefu huishia kujiandika juu ya mstari uleule.

Katika mageuzi yote hayo, # imedumu. Ile \$ ya mwisho huonyesha $ siku zote, na hugeuka # pale tu unapokuwa root, yaani pale amri moja ya kufuta inapoweza kuangamiza mfumo mzima. Pamba kidokezo chako upendavyo, ila \$ usiiondoe.