Majina Matano Mlangoni

Ukiingia katika mchezo wa ukoo wa DikuMUD, kwa kawaida kabla hujaulizwa wewe ni nani, unaoneshwa majina ya watu wengine. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, picha hakuna. Chini ya jina la mchezo yameandikwa: Hans Henrik Staerfeldt, Katja Nyboe, Tom Madsen, Michael Seifert na Sebastian Hammer. Ndipo swali linapokuja: unataka kuitwa nani? Watano hao walikuwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark. Tangu waandike programu yao imepita miaka zaidi ya 30, na majina yao yangali mlangoni kwa sababu hayo ndiyo malipo pekee waliyoyataka.

Michezo ya aina hii huitwa MUD. Dunia yake yote ni maneno. Kila mahali, hata uwanja wa soko au ukingo wa mto, huitwa chumba, na kila chumba kina maelezo yake ya mistari michache. Unaandika kwamba unakwenda kaskazini, seva inakusomea chumba kinachofuata: kuna nini, milango iko wapi, nani amesimama humo. Huyo aliyesimama anaweza kuwa nyoka aliyeundwa na programu, au binadamu aliyeketi mbele ya kompyuta katika nchi nyingine. Ukisema neno, naye analisoma papo hapo. Michezo mikubwa ya mtandaoni ya leo, yenye milima na mapanga yanayong'aa, ilijifunza kutembea humu.

Mwanzo wake ni Uingereza. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex karibu na Colchester, mwanafunzi Roy Trubshaw aliandika mchezo wa kwanza wa namna hii, na mwaka 1980 akamkabidhi mwenzake Richard Bartle aumalize. Watu wa nje walipopewa ruhusa ya kuingia, ilikuwa nyakati za usiku, mashine ya chuo ikiwa haina kazi nyingi. Mchezo ulipendwa kupita kiasi. Lakini ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kompyuta ya aina moja, PDP-10, kwanza kwa lugha ya mashine hiyo yenyewe na baadaye kwa BCPL. Aliyetaka kuucheza ilimbidi aufuate ulipo, maana wenyewe haukuwa na miguu.

Miguu uliipata Wales. Mwaka 1987, katika chuo kikuu cha Aberystwyth, Alan Cox na wenzake waliandika mchezo wao, AberMUD, na baada ya mwaka mmoja hivi ukahamishiwa lugha ya C. Hapo ndipo historia ilipogeuka, ingawa kwa nje ilionekana kazi ya kuchosha ya kutafsiri mstari kwa mstari. C ilikuwa lugha ya Unix, na Unix ilikuwa karibu kila chuo kikuu chenye idara ya kompyuta. Mwanafunzi wa mji wa mbali sasa aliweza kuchukua mafaili, kuyageuza kuwa programu kwenye mashine ya chuo chake, na kufungua mchezo wake usiku uleule. Cox mwenyewe baadaye alikuja kuwa mmoja wa watu wakubwa katika ujenzi wa kiini cha Linux. Sishangai. Alikuwa ameshaona kwa macho yake msimbo unavyosafiri ukiachwa huru.

Mwaka 1989 ukazaa matawi mawili yaliyotofautiana tabia. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, James Aspnes aliandika TinyMUD, programu ndogo isiyo na vita wala alama za ushindi, ambamo kila mchezaji aliruhusiwa kujenga vyumba. Watu walijenga mpaka hifadhi ya data ikafura, na mchezo wa kwanza haukumaliza mwaka. Huko Gothenburg, Sweden, Lars Pensjö alitengeneza LPMud. Yeye aliigawa kazi pande mbili: injini inayoendesha seva upande mmoja, na dunia ya mchezo upande wa pili, ikiandikwa kwa lugha aliyoibuni mwenyewe, LPC. Mchezaji aliyemaliza majaribio yote alipandishwa cheo akawa mchawi, na uchawi wake ulikuwa ruhusa ya kuandika msimbo ndani ya mchezo huku wengine wakiendelea kucheza. Genesis, mchezo wa kwanza wa LPMud, ulifunguliwa mwaka huohuo wa 1989. Wapo vijana walioingia humo kuua mazimwi wakatoka wakiwa waandishi wa programu, na LPC yenyewe ikaja kuizaa Pike, lugha ambayo watu waliitumia kuendesha seva za tovuti.

Wale watano wa Copenhagen walikuwa wamecheza AberMUD wakataka kitu bora zaidi. Waliifanya kazi hiyo mwaka 1990 na 1991, na jina Diku wakalichukua kutoka herufi za mwanzo za idara yao kwa Kidenishi. Injini na kanuni za mchezo waliziandika kwa C, zikawa imara, lakini dunia yenyewe waliiweka nje katika mafaili ya kawaida ya maandishi. Asiyejua C hata kidogo aliweza kujenga mji.

Niliipakua CircleMUD, mtoto wa kazi yao ambaye Jeremy Elson alimtoa mwaka 1993 akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, nikaiendesha kwenye kompyuta yangu. Inasikiliza kwenye mlango namba 4000. Mtu wa kwanza kujiandikisha katika seva mpya hupewa moja kwa moja ngazi ya 34, ngazi ya mwenye mji. Nilifungua faili la vyumba. Kila chumba kinaanza na alama ya reli na namba. Hekalu la Midgaard, ambamo wachezaji wapya huzaliwa na waliokufa hurudi, ni namba 3001. Mstari wa pili ni jina la chumba, kisha maelezo yake, kisha milango: kaskazini ni 0, mashariki 1, kusini 2, magharibi 3, juu 4, chini 5. Kila kipande cha maandishi kinafungwa na alama ya kiwimbi, hii hapa: ~. Niliongeza chumba changu nikasahau kiwimbi kimoja. Seva iliendelea kusoma, ikameza namba na milango ikidhani bado ni maelezo, mpaka ikakikuta kiwimbi cha mbele. Hapo hesabu zikagoma na mchezo ukakataa kuwaka. Nilikirudisha kiwimbi, ukawaka. Yeyote aliyewahi kujenga katika michezo hii anaijua saa hiyo ya kutafuta alama moja katika mistari elfu.

Muda nao una kipimo chake. Saa moja ya Midgaard ni sekunde 75 za kwetu, siku nzima ni nusu saa. Mwezi una siku 35, mwaka una miezi 17. Mwaka wao unakwisha katika siku 12 na ushei. Namba hizi zimeandikwa katika faili moja dogo, na mwenye seva anaweza kuzibadilisha kwa dakika, ila wengi wameziacha vilevile.

Masharti ya leseni yalikuwa machache. Usiuze, wala usijipatie faida kwa programu hii. Majina yetu yaonekane mchezaji anapoingia, na amri ya kuwataja walioshiriki isiondolewe. Hayo yakitimizwa, chukua, badilisha, gawa. Vizazi vikafuata haraka. Merc ilitokana na Diku, ROM ya Russ Taylor ikatokana na Merc, na SMAUG nayo ikachipuka kwenye mti huohuo. Kila kizazi kiliongeza majina yake bila kufuta ya waliotangulia. Mlangoni mwa mchezo wa ROM unasoma kwanza Diku na watano wake, kisha Merc ya Hatchet, Furey na Kahn, kisha ROM ya Taylor. Aliyesoma madrasa akafundishwa isnadi, mnyororo wa wapokeaji wa hadithi, ataitambua sura hii mara moja: nimeipokea kwa fulani, naye kaipokea kwa fulani. Thamani ya mnyororo ni kwamba hakuna pete iliyorukwa.

Wapo walioruka. Katika jamii ya wachezaji yamekuwapo malalamiko ya miaka mingi juu ya wenye seva waliofuta majina au waliouza nguvu za ndani ya mchezo kwa fedha. Lakini kisa kikubwa kilihusu mchezo wa picha. Mwaka 1999 ilitoka EverQuest, ikapata wateja wengi wanaolipa kila mwezi. Waliozoea Diku waliingia humo wakajiona wako nyumbani: vyeo, mapigano, namna ya kwenda kuuokota mwili wako ukifa. Minong'ono ikaanza kwamba ndani yake mna msimbo wa Diku, na kama ni kweli basi leseni ilikuwa imevunjwa. Watu wa Copenhagen waliuliza. Mwaka 2000 watengenezaji wa EverQuest walitia saini hati ya kiapo kwamba hawakutumia mstari hata mmoja, na watano wakakubali, wakaliweka jambo hilo wazi. Kwangu hiki ndicho kipimo cha uzito wa leseni ile fupi: kampuni yenye fedha nyingi iliona ni lazima iape mbele ya watu wasio na senti moja waliyoidai.

Je, Diku ilikuwa programu huria? Kwa kipimo cha leo, hapana. Jina lenyewe la chanzo huria lilibuniwa Marekani mwaka 1998, na ufafanuzi wake unataka kila mtu aruhusiwe kuitumia programu, hata mfanyabiashara. Sharti la kutouza linaitoa Diku nje ya duara hilo. Wanaoshikilia ufafanuzi huo wana haki, maana sharti hilo limefunga njia nyingi kwa warithi waliotaka angalau kulipia gharama za seva. Ila mimi siwezi kuwalaumu vijana wa mwaka 1991 kwa kutotimiza kanuni iliyoandikwa miaka saba baadaye. Waliokuja baadaye wamechagua njia tofauti. Evennia, programu ya kujengea MUD iliyoanza mwaka 2006 na kuandikwa kwa Python, sasa ina leseni huria ya BSD. Mti wa Diku nao umefika huko: toleo lake la tatu liko hadharani chini ya LGPL, nayo leseni huria.

Jambo moja huwa linanigusa ninapoitazama ile orodha ya majina. Staerfeldt kwa Kidenishi huandikwa kwa herufi moja iliyoungana, æ, lakini programu aliyoiandika mwenyewe haikuipokea. Hata leo CircleMUD hutupa kila herufi iliyo nje ya zile za msingi za Kiingereza, mchezaji anapoiandika. Mdenishi alilipunguza jina lake ili liingie katika mlango alioujenga. Kiswahili, kwa maandishi yake ya Kilatini, hakipungukiwi chochote humo. Nilipoandika maelezo ya chumba changu kwa Kiswahili, ng' na dh na gh zote zilipita salama.

Na wapo wanaoipita michezo ya picha wakaja huku kwa makusudi. Wachezaji wasioona wamekuwa nguzo ya MUD kwa miaka mingi. Alter Aeon, uliofunguliwa mwaka 1995, unajulikana kwa kuwakaribisha. Programu ya kusoma skrini kwa kawaida haimwelezi mtu picha ya joka, ila maelezo ya chumba inayasoma yote, neno kwa neno. Inasoma kuanzia juu, bila kuruka. Mwenye macho hupitisha jicho haraka kwenye maandishi ya mlangoni akaandika jina lake. Asiyeona, akifungua mchezo wa ukoo wa Diku, husikia kwanza sauti ikitamka: Hans Henrik Staerfeldt, Katja Nyboe, Tom Madsen, Michael Seifert, Sebastian Hammer. Halafu ndiyo anaulizwa lake.