Siri ya Nyumba na Njia ya Kurudi: Habari za Katumba na Mishamo

Wahenga walisema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Methali hiyo yamfaa mtu aliyeondoka kwao kwa hiari yake. Lakini haisemi neno juu ya mtu aliyefukuzwa kwao kwa bunduki, wala juu ya mtoto wake aliyezaliwa ugenini, ambaye kwao hakupata kukuona kwa macho. Historia ya makazi ya Katumba na Mishamo, katika nchi ya Mpanda ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Katavi, ni historia ya watu wa namna hiyo.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Michel Micombero haikutosheka na kuuzima uasi huo. Iligeuka ikawaandama Wahutu kwa muda wa miezi, na hasa wale waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi na askari. Hesabu za waliokufa hazilingani. Nyingi ziko kati ya 100,000 na 300,000. Warundi waliupa msiba huo jina la Ikiza, yaani pigo au balaa kuu.

Wengi wa walionusurika walikimbilia Tanzania. Serikali ilifungua makazi ya Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, mwaka 1972, na ya Katumba, karibu na mji wa Mpanda, mwaka 1973. Mishamo ilifuata mwaka 1978, na wengi waliohamia huko walitoka Ulyankulu, ambako ardhi na maji havikuwatosha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: kila nyumba ilipewa shamba katika msitu wa miombo, watu wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, hata wakawa wanauza mazao yao nje ya makazi. Hata hivyo, mkimbizi aliyetaka kutoka nje ya makazi hayo alipaswa kuwa na kibali. Alikuwa na shamba, lakini hakuwa na uraia.

Katika miaka ya 1985 na 1986 Liisa Malkki, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, aliishi kati ya wakimbizi hao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kiitwacho Purity and Exile. Aliyoyakuta yastahili kufikiriwa sana. Huko Mishamo habari za 1972 zilikuwa zikisimuliwa daima; wakubwa waliwafunza wadogo kwamba wao ni taifa lililo uhamishoni na kwamba siku ya kurudi itafika. Bali katika mji wa Kigoma, wakimbizi waliojichanganya na wenyeji walifanya kinyume. Walijificha. Waliona heri kuoa na kuolewa, kufanya biashara na kupita njiani bila kuulizwa asili yao. Basi balaa lilikuwa moja, lakini mahali pamoja lilifanywa somo, na mahali pengine likafanywa siri ya nyumba.

Siri ya namna hii haikuzaliwa Afrika peke yake. William Faulkner, katika riwaya yake Absalom, Absalom! ya 1936, aliwaonyesha vijana wakiunganisha vipande vya habari ya jamaa moja ya kusini mwa Marekani, kwa kuwa wakubwa waliwaachia nusu tu. Lakini msomaji wa riwaya akishindwa kuijua kweli yote, hapotezi kitu ila usingizi. Kwa mtoto wa mkimbizi, kutoijua kulikuwa na gharama nyingine.

Gharama hiyo ilidhihirika wakati wa kurudi. Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao. Mwaka 2007 watu wa makazi yale matatu, wapatao 218,000, waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takribani mmoja katika watano alichagua kurudi, na katika miaka ya 2008 na 2009 watu wapatao 53,000 walisafirishwa.

Huko Rumonge na Nyanza-Lac wengi walikuta mashamba ya wazee wao yamekaliwa na watu wengine. Sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa katika ardhi kwa amani miaka 30, na tangu 1972 ilikuwa imekwisha kupita zaidi ya hiyo. Tume iliyoundwa mwaka 2006 ilisikiliza madai. Mdai hana budi kueleza: babu yake ni nani, mpaka ulipita wapi, jirani alikuwa nani. Hapo hadithi ya jioni ikawa ushahidi. Aliyesimuliwa alikuwa na la kusema, ijapokuwa huenda lisimpatie shamba. Aliyefichwa alisimama mikono mitupu, na ule ukimya uliomlinda utotoni ukamnyima urithi ukubwani.

Waliochagua kubaki nao walingoja. Tanzania iliwakubali watu wapatao 162,000 mwaka 2010, lakini vyeti vya uraia havikuanza kutolewa mpaka 2014, kwa sababu kwanza ilikusudiwa wahamishwe katika mikoa mingine. Azma hiyo iliachwa, wakabaki katika mashamba waliyoyafyeka.

Si haki kuwalaumu wazazi walionyamaza, kwa maana neno moja lingeweza kumponza mtoto. Wala si haki kuwasifu mno waliosimulia, kwa maana walirithisha uchungu pamoja na habari. Lililo hakika ni kwamba kwao kwa mtu hakukai katika ardhi peke yake. Kunakaa pia katika kinywa cha anayekumbuka, na kinywa hicho kikifumbwa mpaka kaburini, njia ya kurudi huota majani.