Kontena lilipanda, daraja likabaki palepale

Kati ya Tarime mjini na Nyamwaga hakuna daraja la reli la lori kupita chini yake. Sababu yake ni rahisi tu: Mkoa wa Mara haujawahi kupata reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, likaishia ziwani. Kwa hiyo dereva anayepeleka mzigo kwenye mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, anapita Nyamwaga akiwaza matope, ng'ombe na bodaboda. Nani ana muda wa kutazama juu?

Lakini kontena alilobeba lina historia yake, na historia hiyo inakwenda juu.

Tuanzie Aprili 1956. Mfanyabiashara wa malori wa Marekani, Malcom McLean, alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, ikatoka Newark kwenda Houston. Miaka ya 1960 mataifa yakakaa kukubaliana vipimo. Upana ukawa futi 8, na kimo nacho futi 8, yaani mita 2.44. Hesabu ya biashara haikutulia hapo. Upana huwezi kuugusa, kwa sababu barabara na vyumba vya meli vimeshaufuata. Urefu nao vilevile. Iliyobaki ni kupandisha dari! Likaja kontena la mita 2.59, kisha lile refu la mita 2.90. Kwa kontena la futi 40, hizo sentimita 30 zinaongeza nafasi kutoka kama mita za ujazo 67 hadi 76. Hakuna mwenye mzigo atakayezikataa.

Sasa pandisha kwenye trela. Tuseme sakafu ya trela iko mita 1.5 kutoka kwenye lami. Kontena la kawaida linafika mita 4.09. Lile refu linafika mita 4.40. Afrika Kusini, ambako sheria inasema mwisho ni mita 4.3, zile sentimita 10 zilizozidi zilizua mgogoro mkubwa, hadi serikali ikalazimika kusitisha sheria hiyo kwa makontena hayo kwa miaka kadhaa. Meli zilikuwa zimeshaamua, sheria ikabaki kukimbia nyuma.

Kwa nini basi Uingereza inasikika kila mara kwa malori kugonga madaraja? Kwa sababu kule reli ilitangulia. Madaraja mengi yalijengwa karne ya 19, wakati kitu kirefu kuliko vyote barabarani kilikuwa gari la farasi lililojaa nyasi kavu. Leo daraja lolote la kule lenye nafasi chini ya mita 5.03 linawekewa kibao. Na kibao hakitoshi, jamani. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya mita 3.56. Taa zipo, maonyo yapo, malori yakaendelea kuchanika paa mbele ya kamera. Mwaka 2019 likainuliwa kwa sentimita 20, na bado linagongwa.

Tatizo ni kwamba namba ya kibao na namba ya lori zote zinabadilika kimyakimya. Lori tupu huwa refu kuliko lililojaa, maana springi zimenyanyuka na matairi hayajabonyea. Barabara ikiwekwa tabaka jipya la lami la sentimita 5, nafasi imepungua sentimita 5, hata kama kibao ni kilekile. Halafu kuna bonde. Barabara inayopita chini ya daraja mara nyingi huinama katikati. Trela lenye mita 9 kati ya pini na ekseli za nyuma likikaa kwenye mkunjo wa nusu kipenyo cha mita 200, tumbo lake linaning'inia sentimita 5 juu zaidi ya lami (9 × 9 ÷ 8 ÷ 200, ukitaka kuhakiki). Mkunjo ukiwa mkali, zinaongezeka.

Haya yanatuhusu sasa kuliko zamani. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Reli hiyo haikatizi barabara uso kwa uso: ama gari linapita juu, ama linapita chini. Kipande cha Mwanza–Isaka kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Maana yake ni kwamba njia ya mzigo kutoka bandarini hadi kanda ya ziwa inapata madaraja ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Pale mizani ya Vigwaza lori linapimwa uzito, na kila dereva na utingo wake wanaijua sheria ya Afrika Mashariki ya tani 56. Kimo, kwa maoni yangu, kingestahili woga uleule, kwa sababu uzito uliozidi unaila barabara taratibu, lakini kimo kilichozidi kinamaliza kazi kwa sekunde moja.

Na huku Nyamwaga? Kinachokatiza juu ya barabara ni waya wa umeme. Kuna mashine za mgodini zenye kimo cha mita 5 hata zikiwa zimesimama chini. Ndiyo maana kreti ya lori kubwa la mgodini kwa kawaida husafirishwa peke yake, na kiunzi chake peke yake juu ya trela la chini, vikaunganishwa kulekule mgodini. Waya nao hauna kipimo kimoja: jua la mchana likipasha chuma kinatanuka, na waya unaning'inia chini kuliko ulivyokuwa alfajiri. Utingo aliyepima njia saa kumi na mbili asubuhi amepima njia ya saa kumi na mbili asubuhi.