Ermoupoli, Mji wa Wakimbizi na Viwanda

Kisiwa cha Syros hakina mto, hakina msitu wa mbao, hakina makaa ya mawe. Kilichokuwa nacho ni bandari tulivu katikati ya Bahari ya Aegea na, katika miaka ya 1820, amani. Wenyeji wake wengi walikuwa Wakatoliki waliokingwa na Ufaransa, kwa hiyo vita vya Wagiriki dhidi ya dola ya Uturuki havikuwafika.

Waliokimbia vita hivyo wakamiminika ufukweni: watu wa Chios walionusurika mauaji ya 1822, wa Psara walioteketezewa kisiwa 1824, wengine wa Kasos na Smyrna. Wakaanza na vibanda, wakauita mji wao Ermoupoli, kwa jina la Hermes, mungu wa biashara. Miongoni mwao walikuwamo matajiri waliojuana na wenzao katika bandari za mbali, lakini pia maseremala wa merikebu na wapiga kalafati. Hao ndio ninaotaka wakumbukwe kwanza. Kwa mikono yao Ermoupoli ikawa bandari kuu ya Ugiriki, mbele ya Piraeus, na kando ya maji vikasimama viwanda vya kutengeneza ngozi.

Mwaka 1861 kampuni ya meli za moshi ikajenga karakana ya Neorion. Fundi aliyezoea kupatana bei na nahodha sasa akalipwa ujira na kampuni. Mwaka 1879 wafanyakazi wa kuunda meli waligoma, na wale wa viwanda vya ngozi nao wakagoma. Migomo hiyo huhesabiwa kuwa ya mwanzo kabisa iliyopangwa nchini Ugiriki. Wageni husifu jumba la manispaa lililosanifiwa na Ernst Ziller. Kwangu mimi, migomo hiyo ni fahari kubwa zaidi ya mji.

Lakini moshi uliojenga Neorion ndio uliouondolea mji riziki. Meli zisizongoja upepo hazikuhitaji tena kutua Syros, na Mfereji wa Korintho ulipofunguliwa 1893 Piraeus ilikuwa imekwisha kuwa mbele. Mitaji ikahamia kwenye pamba. Vinu vya kusokota nyuzi na kufuma vikajaa wanawake na watoto, kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo. Markos Vamvakaris, aliyezaliwa Syros 1905 na baadaye kuwa gwiji wa muziki wa rebetiko, alifanya kazi humo utotoni pamoja na mama yake, kisha akakimbilia Piraeus akabeba makaa bandarini. Mwaka 1922 wakaja wakimbizi wengine, kutoka Asia Ndogo, wakitafuta kazi hizo hizo.

Njaa ya wakati wa Vita Kuu ya Pili iliua maelfu kisiwani, na baada ya vita vinu vikafungwa kimoja baada ya kingine. Neorion ilidumu. Katika miaka ya 1970 iliunganisha hata magari madogo ya umeme, Enfield 8000, yapata 120 tu. Moja limewekwa katika Makumbusho ya Viwanda ya mji, yanayotumia majengo ya viwanda vya zamani, kikiwamo cha marisau. Karakana yenyewe imefilisika na kufufuliwa. Tangu 2018 inaendeshwa na kampuni ya ONEX, na meli bado hupandishwa chelezoni kukarabatiwa.